Mteja Asiyejua Kukasirika

"Mimi nimekasirika sana, dada. Nina shida na taa yenu ya sola. Haiwaki tangu Jumanne. Lakini pole kwa kukusumbua."

Bhoke alifunika mdomo asicheke.

"Bwana, wewe ni mteja. Mteja mwenye hasira haniambii pole."

"Karatasi imeandikwa nikutukane. Mimi siwezi kutukana mtu simjui."

"Basi piga kelele kidogo. Madam Pauline ananitazama, na mimi nahitaji alama."

Kisha ile sauti ikajaribu kunguruma: "Nirudishieni taa yangu!" Halafu chini chini, "Hiyo imetosha?"

Bhoke aliangua kicheko hadi darasa zima likageuka.

Hiyo ndiyo ilikuwa simu ya kwanza. Bhoke alikuwa msichana Mkuria wa Kehancha, mwenye diploma na miaka mitatu ya kusuka nywele kwenye saluni ya dada yake mjini Migori huku akituma barua za kazi zisizojibiwa. Yalipofunguliwa mafunzo ya bure ya kompyuta na kuhudumia wateja kwa simu, ya vijana wasio na kazi, alijiandikisha siku ya kwanza. Darasa kama hilo lilikuwa pia Homa Bay. Kila asubuhi saa nne wanafunzi wa Homa Bay walijifanya wateja wakapiga simu, na wa Migori wakapokea kama wahudumu. Mteja wa Bhoke alikuwa Willis, kijana Mjaluo mwenye digrii ya jiografia, ambaye kabla ya hapo alikuwa akimsaidia mama yake kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Hawakuwa wameonana hata kwa picha.

Wiki ya tatu, simu zikaanza kuzidi muda.

"Leo taa inasumbua nini, Bwana Willis?"

"Leo inawaka vizuri. Nimepiga kujua kama umekunywa chai."

"Hizi simu zinarekodiwa, unajua?"

"Wacha warekodi. Wataandika kwamba mteja alijali."

Siku moja, baada ya zoezi kuisha, Willis akamuuliza, "Mbona kuna maneno unayapitia polepole, kama mtu anavuka mto?"

Bhoke aliamua kusema.

"Ni hiyo herufi ya l. Kwetu tunasema r. Nilienda interview Kisumu, nikasema 'usikate raini'. Yule mama alicheka, akaita mwenzake aje asikie. Nilirudi nyumbani nikalia wiki nzima."

"Mimi naipenda hiyo raini yako."

"Willis, usimwambie mtu."

"Simwambii."

Na kweli hakumwambia mtu. Alifanya kitu kibaya zaidi bila kufikiri. Mwisho wa mwezi, kila mwanafunzi wa Homa Bay aliambiwa atoe simu moja iliyoenda vizuri. Willis alichagua ya siku ile, kwa sababu mwanzoni Bhoke alikuwa amemtuliza mteja vizuri mno. Alisikiliza dakika nne za kwanza, akampa faili mwenzake Beverly aliyekuwa akikusanya. Beverly aliisikiliza mpaka mwisho, akakata kile kipande cha "raini", akakirusha kwenye kundi la WhatsApp la madarasa yote mawili, na vikatuni vitano vya kucheka.

Kufikia saa sita mchana Willis alikuwa amepata ujumbe mmoja tu kutoka Migori:

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu themanini."

Akapiga mara kumi na moja. Simu haikupokelewa.

Bhoke alikuwa amesimama mbele ya meza ya Madam Pauline, mwalimu wake, akimrudishia hedifoni.

"Madam, naacha."

"Mtihani ni Ijumaa. Kampuni ya sola inakuja kuchukua watu sita."

"Wachukue wanaojua kuongea."

"Nenda nyumbani ulale," Madam Pauline alisema. "Hedifoni nitakuwekea."

Alhamisi Bhoke alikuwa saluni, vidole kwenye nywele za mama mmoja, aliposikia mlangoni, "Habari zenu. Namtafuta Bhoke."

Hakuhitaji kugeuka. Alipogeuka hata hivyo, aliona kijana mrefu, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi.

"Umetoka Homa Bay?"

"Alfajiri. Hapa nimeulizia saluni ya dada yako."

"Beverly ameniandikia. Anasema kosa ni lake, wewe hukujua chochote."

Willis alikuwa na mlango wa kutokea hapo, umefunguliwa wazi. Alitikisa kichwa.

"Beverly alikata kipande. Faili nilimpa mimi. Nilikuahidi, halafu sikusikiliza mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa na haraka ya alama."

"Ungekubali tu maneno ya Beverly, ningekusamehe saa hii."

"Najua. Lakini ungekuwa umemsamehe mtu mwingine, si mimi."

Yule mama wa kusukwa akainua kichwa. "Mimi nimemsamehe. Tafadhali maliza nywele."

Bhoke hakucheka. "Sijakusamehe, Willis."

"Sikuja kuchukua msamaha leo. Nimekuja kukuomba usiache mtihani kwa sababu yangu. Ukitaka nisikupigie tena, nitakaa kimya. Lakini kesho nenda."

Akaaga kwa heshima, akaondoka. Bhoke alisuka mstari mmoja mara tatu, na mara zote ukapinda.

Ijumaa alikwenda. Watu wa kampuni waliwasha spika, wakamuunganisha na mteja wa kweli: bibi mmoja wa karibu na Isebania, ambaye taa yake ilikuwa imezima na alikuwa amekata simu za wahudumu watatu.

"Nyinyi mnaongea kama mnafukuzwa," bibi alifoka. "Nakata."

"Bibi, ngoja, usikate raini."

Neno likawa limetoka. Mtu akakohoa.

"Haa," bibi akasema. "Kumbe wewe ni mtoto wa kwetu. Hebu nikae chini."

Dakika saba. Bhoke alimwelekeza kufuta vumbi juu ya paneli, kuigeuza kwenye jua, kuchomoa waya na kuurudisha. Kisha wote wakasikia bibi akimwita mjukuu aje aone mwanga.

Afisa wa kampuni alizima spika. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Bhoke alitoka nje, akapiga simu Homa Bay.

"Nimepata, Willis."

Kwanza alisikia kelele za furaha, kisha kitu kikianguka.

"Na wewe?"

"Hata huku kampuni ilikuja; wamenichukua upande wa ramani. Nitakuwa nawaonyesha mafundi nyumba za wateja ziko wapi."

"Willis, nimekusamehe. Wewe, si mtu mwingine."

"Asante. Naweza kuja Jumapili?"

"Njoo. Na uje na mswaki, baba yangu huongea sana, utalala kwetu."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, walifunga ndoa Kehancha. Mama Willis hakujua Kikuria, mama Bhoke hakujua Kijaluo, basi wakaketi benchi moja na Kiswahili chao cha sokoni. Maharusi walipofika kuwasalimia, wazee hao walikuwa wameshakubaliana: mjukuu wa kwanza atakuwa Homa Bay likizo ya Aprili, na Kehancha likizo ya Agosti.

"Na Desemba?" Bhoke akauliza.

"Desemba," mama yake akamjibu, "tutawaachia nyinyi."