Mmea Haushukuriwi

Udongo ndani ya kile chungu ulikuwa na joto. Tamsin Weale alichovya kidole mara ya pili ili ahakikishe, maana nje barafu nyembamba ilikuwa bado imelala juu ya kabichi, na ile nyumba ya vioo ilikuwa haijawashwa moto tangu majira yaliyopita. Lakini udongo ulikuwa na joto, kama tumbo la mtu aliyelala.

"Chukua," alisema bibi aliyemkabidhi. "Kipando hicho ni chako. Naona na wewe unaotesha."

"Asante sana, bibi," Tamsin akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Marehemu mama yake alikuwa mtu wa kufinya masikio ya mtoto asiyeshukuru, na adabu ya namna hiyo haimtoki mtu. Lakini asubuhi ileile, siku yake ya kwanza ya uanagenzi katika bustani ya nyumba kubwa nje ya mji wa Hereford, alikuwa ameonywa, tena na mkuu wa bustani mwenyewe.

Mzee Probert alikuwa amempa trei ya miche ya vitunguu, naye akasema asante, mzee akaruka kama aliyekanyaga reki.

"Aa-aa! Meza hilo neno, binti. Hapa mmea haushukuriwi. Ukiushukuru unakufa."

"Sasa nisemeje?"

"Usiseme kitu. Nuna, ondoka zako. Na ukiona kipando kimekupendeza kwa jirani, kiibe. Cha kuiba ndicho kinachoshika mizizi."

"Haya ndiyo nitakayofundishwa miaka miwili?"

"Haya, na kuosha vyungu. Zaidi kuosha vyungu."

Tamsin alicheka mpaka akashika mbavu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa alisimama na chungu mkononi, na maneno ya bibi yakaanza kumkaa vibaya. Unaotesha? Alikuwa na mimba changa, ambayo hakuna aliyeijua ila mumewe, Gareth. Mbili zilikwisha kuharibika kabla ya hiyo, na hii aliibeba kama mtu abebaye yai kwenye kijiko. Hata Mzee Probert hakumwambia, kwa kuogopa asije akarudishwa kule alikotoka, kwenye ofisi ya kupokea simu za wenye hasira. Aliinua macho ili amuulize bibi amejuaje. Hakumwona. Mlango wa nyumba ya vioo, uliomlilia kila mtu hata paka, haukuwa umelia. Ilibaki harufu tu, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi na maziwa yaliyochacha.

Kesho yake kipando kilikuwa kimelala, cheusi na laini. Alipokwenda chooni aliona tone la damu.

Daktari alipima, akasema moyo wa mtoto unapiga, mama apumzike. Tamsin akapumzika. Gareth akamletea chai na mkate wa kuchoma kitandani, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akajifanya hana hofu. Siku ya pili akapanda ngazi na uso wa kuuliza.

"Tam, hiki chungu umekileta wewe?"

"Chungu gani?"

"Kiko dirishani jikoni. Hakina kitu, udongo mtupu. Ila…" Alishusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Ila kina joto. Na jiko zima linanuka maziwa mabovu."

Gareth alikitupa kwenye pipa la taka. Baada ya chakula kilikuwa kimerudi dirishani, katikati ya udongo pamefanywa tundu la kidole, kama afanyavyo mkulima aliye tayari kupanda. Usiku ule damu ikazidi.

Asubuhi Tamsin alivaa buti, Gareth akimsihi asiende, akarudi bustanini kumtafuta yule bibi. Alimkuta mahali palepale, amevaa aproni ya gunia, amempa mgongo, vidole vyake virefu vikichambua udongo.

"Unataka nini kwangu?"

"Mimi?" Bibi hakugeuka. "Sitaki, mwanangu. Tumekwisha patana. Nilikupa changu, ukapokea, ukashukuru kwa kinywa chako. Sasa na wewe utanipa chako. Nami nitashukuru, sina kiburi."

Tamsin alitoka mbio, akamkuta Mzee Probert bandani anafuta mikasi ya kupogolea. Akamwambia yote, ya mimba na ya bibi, akilia waziwazi. Mzee akakaa juu ya ndoo.

"Ana aproni ya gunia?"

"Ndiyo."

"Ulimwona uso?"

"Sijui, mzee. Nilimwona, lakini siukumbuki."

"Hata Olwen hakuukumbuka." Olwen alikuwa mkewe. "Na yeye alipewa ua, akashukuru. Nilikuwa nayajua yote haya, binti, baba yangu alinifundisha, lakini nikaona haya kuyasema mbele ya daktari. Watoto watatu tumewapoteza. Kosa langu." Aliendelea kuufuta mkasi uliokwisha takata.

Ng'ambo ya mto Wye watu hawasemi jini. Husema "bibi", na hulisema kwa sauti ya chini. Huyu alikuwa mwenye mti mmoja kwenye kona ya ukuta wa bustani, mti wa elda uliozeeka na kujikunja, ambao haukuguswa hata bustani nzima ilipopogolewa. Zamani mtu hakukata tawi lake bila kuomba ruhusa.

"Safari hii usiombe," alisema Mzee Probert. "Mapatano mliyafanya kwa adabu, yavunje kwa utovu wa adabu. Kamwibie. Mchana kweupe, na yeye akiwepo anakutazama. Vunja tawi kwa mkono, litie ndani ya shati, toka langoni. Atasema mengi. Usimjibu hata moja. Na lile neno, binti, hata likikukaba kooni, usilitoe."

"Na nikilitoa?"

Mzee alisimama, akautundika mkasi ukutani.

Wakaenda wote wawili mpaka langoni. Mzee akabaki nje ameshika chuma cha lango, kwa kuwa kazi hii haifanywi na mtu kwa niaba ya mwingine. Ndege aliyekuwa akiimba juu ya ukuta alinyamaza Tamsin alipokanyaga ndani. Bibi alikuwa amesimama chini ya mti wake, mikono ameikunja juu ya aproni, kama mwenyeji anayemsubiri mgeni.

Tamsin hakumtazama. Alinyoosha mkono, akashika tawi, akalivunja, na lilipovunjika sauti yake ilikuwa kama ya kifundo cha mguu kikivunjika, na kitu fulani ndani ya tumbo lake kilishtuka.

"Ungeomba tu ningekupa," bibi alisema kwa upole.

Akalitia tawi ndani ya shati, lina joto, lina unyevu, akageuka na kuanza kutembea kati ya vitanda vya kabichi, na bibi akaja nyuma yake bila kishindo cha miguu, akisema chukua, mwanangu, limekuwa lako, nimekusamehe, sema tu neno moja uende salama, na ile harufu ya maziwa ikamwingia puani na mdomoni, na njia ambayo asubuhi ilikuwa fupi ikawa inarefuka, kabichi baada ya kabichi, lango likionekana mbali na Mzee Probert mdogo kama kidole, na ndipo sauti nyuma yake ikabadilika, ikawa sauti ya mama yake mzazi, ileile yenye mkwaruzo wa sigara, ikisema, Tamsin, mtu amekupa kitu, unasemaje, unasemaje, nimekulea mimi hivyo, unaniaibisha mbele za watu, unasemaje, Tamsin, na ulimi wake ukaanza kujiinua wenyewe kama wa mtoto aliyefinywa sikio, akaung'ata, akaung'ata mpaka damu ikajaa mdomoni, akaimeza, akatembea, akatoka.

Mzee Probert alilifunga lango kwa kishindo. Tamsin alinuna, akaondoka zake.

Lile tawi lilishika mizizi kwenye ndoo nyuma ya jiko lao. Damu ilikoma. Chungu hakikurudi tena. Mwezi wa Mei alizaliwa mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele, wakamwita Nesta, na Gareth akalia kuliko mtoto.

Tamsin aliporudi bustanini kumalizia uanagenzi wake, alimkuta Mzee Probert kwenye kona, anafukia shimo chini ya ule mti. Shimo dogo, kingo zake zimenyooka, chini limetandikwa mboji laini, na tayari limemwagiliwa maji.

"Tangu lini?" Tamsin alinong'ona.

"Tangu ulipojifungua. Nalifukia asubuhi, kesho yake nalikuta wazi."

Halikuhitaji kupimwa. Mama anajua urefu wa mwanawe.

Mara moja tu lilikosa kufukiwa, siku ambayo yeye na mzee waliugua mafua. Jioni ile Gareth alimkuta Nesta sakafuni, amelala chali, kimya, mikono kifuani, ana chembe za udongo kwenye kope. Tamsin alitoka na homa yake, akakimbia na koleo gizani, na shimo lilipojaa ndipo mtoto alipolia.

Mzee Probert alistaafu. Tamsin alifuzu, akaitwa kuwa mkuu wa bustani kubwa ya mbali, pamoja na nyumba ya kuishi. Alikataa. Gareth aligomba wiki nzima, kisha akaenda kumnunulia koleo jipya.

Kila alfajiri, kabla ya chai, Tamsin hulifukia lile shimo na kulishindilia kwa buti zake, bila neno. Jana Nesta alivaa viatu vya shule kwa mara ya kwanza. Leo asubuhi toroli moja ya udongo haikutosha.