Zamu Yenu Ejo

"Usinipigie tena, Ghislain. Papa amesema hawezi kutoa binti yake kwa mwizi wa maji."

Umwali alilia simu ikiwa sikioni, amesimama katika mpunga wa baba yake huko Bugarama, Rwanda, uliokauka mpaka unakwaruza miguu. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Kamanyola, Kongo, shamba la Maman Joséphine, mama yake Ghislain, lilikuwa limekauka vilevile.

Hawa wawili ndio waliowabembeleza wakulima wa nchi mbili wapokezane maji kiangazi: siku moja mfereji wa Rwanda, siku nyingine wa Kongo, kadiri mto ulivyojaa, Umwali akitangaza zamu kwa ujumbe. Hakuna serikali iliyowatuma. Umwali katibu huku, Ghislain katibu kule, na mapenzi yakaingia humo humo bila kupiga hodi. Posa ilikuwa Jumamosi, siku tatu tu zimebaki.

"Mwizi ni miye?" Ghislain alifoka. "Jumatatu uliniandikia zamu yetu ilishapita! Jumapili, wakati batu bote tuko misa! Leo nimefungua mufereji, ndiyo!"

"Leo ni Jumatano, zamu yetu! Yenu ilikuwa jana, Jumanne, na mulilala!"

"Umwali, unanidanganya mpaka miye?"

Simu ilinyang'anywa. Ikasikika sauti nzito ya Mzee Nzabonimpa, baba yake Umwali.

"Kijana, saa kumi njoo darajani. Tunachana karatasi ya mapatano. Na posa yako ichanike nayo."

Saa kumi Ghislain alivuka mpaka. Wakulima wa pande zote walikuwa wamenuna. Mzee alishika karatasi kwa mikono miwili. Ghislain akanyoosha simu yake, yenye ujumbe wa Umwali wa Jumatatu.

"Mzee, soma kwanza. Kisha chana."

Mzee akasoma kwa sauti: "Zamu yenu ejo."

"Ejo maana yake njo jana!" Ghislain alisema, machozi yakimtoka mbele za watu. "Umwali mwenyewe alinifundisha. Aliniambia 'ejo narakurose'. Jana nilikuota."

Kinyarwanda chake kilikuwa cha mapenzi tu, maskini. Umwali, nyuma ya baba yake, alijishika kichwa.

"Mungu wangu! Nilikuwa na haraka, vidole vikakimbilia lugha ya nyumbani. Nilitaka kusema kesho!"

Hakuna aliyecheka. Mzee alikunja karatasi polepole.

"Ejo ni jana," alisema. "Na ejo ni kesho. Sisi tumezoea. Wewe ungejuaje?"

"Mzee, mpunga wa Maman umekufa nusu."

"Na wangu. Ijumaa ni zamu yetu, lakini chukueni ninyi. Maman Joséphine akilala njaa, nani atakuja kuniposea binti?"

Umwali alimwangukia baba yake miguuni, akalia tena, safari hii kwa sauti.

Ijumaa mchana, maji yakiingia kwa Maman Joséphine, simu ya Ghislain ililia. Ujumbe wa Umwali:

"Papa anauliza, munakuja lini?"

Ghislain aliandika "Ejo". Akashtuka, akafuta haraka. Akaandika upya:

"Samedi. Jumamosi. Ku wa gatandatu."