Aliyetapika kwenye Meli ya Bembea

Siku za likizo Pelagia aliamka mapema, akafagia uwanja, kisha akateremka hadi ufukweni kumsaidia mama yake kuanika dagaa. Mama yake, Matrida, aliwatandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu, na Pelagia alishika fimbo ndefu ya kuwafukuzia kunguru. Nyumba yao ilikuwa mjini Musoma, karibu sana na ziwa, hata mlio wa injini ya boti ya baba yake, Mzee Baltazar, ulisikika jikoni alipokuwa akirudi kutoka kuvua.

Mwezi huo wa Juni kazi ya kuwafukuza kunguru ilifanywa na watoto wawili. Yuliana, binti wa mdogo wake Matrida, alikuwa amekuja kutembea kutoka Mwitongo, Butiama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwaka mmoja pungufu ya Pelagia. Alijua kukamua ng'ombe na kupalilia mihogo, lakini hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya boti.

Alikuja na shauku moja tu. Bibi Miriamu, aliyewazaa mama zao wote wawili, aliishi katika kijiji cha rasini, ng'ambo ya maji. Mara ya mwisho bibi huyo alimwona Yuliana siku ya ubatizo wake. Mzee Baltazar alikuwa ameahidi kuwavusha watoto wote wawili Jumamosi, na Yuliana alikuwa amemletea bibi yake mfuko wa unga wa ulezi alioupepeta kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki hiyohiyo malori yalileta mjini bembea za umeme. Zilitoka Bunda, ambako zilikuwa zimekaa kata ya Kabasa kwa siku kadhaa, na sasa zilisimamishwa kwenye uwanja mmoja usio mbali na ziwa. Palikuwa na farasi wa kuzunguka, viti vya minyororo, na meli kubwa ya chuma iliyobembea mbele na nyuma mpaka waliokaa ncha moja wakaonekana kama wananing'inia hewani. Alhamisi alasiri Gody, kaka yake Pelagia, aliwapeleka watoto hao, akawakatia tiketi, kisha akaenda kuzungumza na rafiki zake.

Katika foleni ya meli alikuwapo Dotto, aliyesoma darasa moja na Pelagia.

"Pelagia! Leo ndiyo tutajua kama wewe ni mtoto wa ziwa kweli," Dotto alisema kwa sauti.

"Hiyo meli ni ya kuchezea," Pelagia alijibu. "Boti ya baba inarukaga mawimbi kuliko hiyo."

Ukweli ni kwamba Pelagia alikuwa amevuka ziwa mara chache tu, tena asubuhi zenye utulivu. Alipoitazama ile meli ikipanda, viganja vyake vililowa jasho. Ili asionekane anaogopa, alinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili nyingi na chupa ya soda, akala akiwa amesimama.

"Tupande kwanza, tule baadaye," Yuliana alimshauri. "Mimi naogopa kidogo. Au tuanze na wale farasi?"

"Farasi ni wa watoto wa chekechea. Wewe ogopa tu, mimi nipo."

Zamu yao ilipofika, msimamizi wa bembea aliwatangazia abiria wote: "Aliyekula sasa hivi asubiri kidogo. Mwenye hofu akae katikati, huko hakuna mtikisiko mkubwa. Ukizidiwa, inua mkono, nitasimamisha."

Pelagia aliyasikia yote hayo vizuri. Hata hivyo, alimshika Yuliana mkono, akampeleka mpaka kiti cha mwisho kabisa, mahali panapopanda juu kuliko pote.

Meli ilianza polepole. Yuliana alipiga kelele mara mbili, kisha akayaelekeza macho yake kwenye vilima vya ng'ambo ya ziwa, akaanza kucheka. Pelagia aliinamisha kichwa, akayakodolea macho magoti yake. Meli ilipopanda, tumbo lake lilibaki chini. Iliposhuka, tumbo lilipanda hadi kooni. Moshi wa jenereta ulimwingia puani. Angeweza kuinua mkono. Lakini Dotto alikuwa pale chini akisubiri zamu yake, naye alikuwa akiwatazama. Pelagia aliufumba mdomo, akageuza uso pembeni, na mihogo yote, pilipili na soda, ikamwagika juu ya gauni la Yuliana.

Meli iliposimama, msimamizi alikuja na ndoo. "Nani ametapika hapa?"

Gauni la Yuliana lilikuwa limechafuka toka kifuani hadi magotini. Pelagia alikwisha kujifuta mdomo kwa ukosi wa blauzi yake.

"Ni mgeni wetu," alisema upesi, akamnyooshea kidole. "Ametoka Butiama. Hajazoea."

Msimamizi hakuuliza zaidi. Alimkabidhi Yuliana ndoo na tambara. Yuliana alimtazama Pelagia usoni, naye Pelagia akazitazama ndara zake. Kisha Yuliana alipiga magoti, akaanza kusafisha kile kiti.

"Jamani, Butiama imetapika!" Dotto alipaza sauti, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Gody akiwa ametangulia mbele, Pelagia aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukusema?"

"Mama aliniambia nisibishane na watu wa nyumba yenu," Yuliana alijibu. "Na wewe ni mtu wa nyumba hiyo."

Jioni, wakati wa chakula, Gody alisimulia aliyoyasikia uwanjani. Matrida alimhurumia Yuliana, akampa chai ya tangawizi, kisha akatoa uamuzi.

"Yuliana, mwanangu, safari ya Jumamosi tuiache. Anayetapika botini huinamia ubavuni, na mwezi huu ziwa lina upepo. Sitaki kumpigia simu mdogo wangu nimwambie kwamba mwanawe ametumbukia majini. Gody atakusindikiza stendi, urudi nyumbani salama."

"Lakini, mama mkubwa, Bibi..." Yuliana alianza, kisha akainamisha kichwa. "Sawa, mama mkubwa."

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Haukupita haraka: mama alimaliza kugawa mboga, baba akanawa mikono, Gody akaomba maji ya kunywa. Pelagia alikuwa na tonge mkononi. Alilitia kinywani, akalitafuna mpaka likakosa ladha, na wakati ule ukapita.

"Wewe nawe umemtunza mwenzako vizuri," mama alimwambia, akamwekea mkia mnono wa sato. Pelagia aliula akiwa ameinamia sahani.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya kuliko Alhamisi. Gauni la Yuliana lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa mara mbili, na doa la manjano lilikuwa bado linaonekana. Watoto wa jirani walipita wakiigiza kutapika na kusema, "Butiama! Butiama!" Yuliana aliendelea kuwafukuza kunguru kana kwamba hasikii. Pelagia alitamani mwenzake amkasirikie, amtukane, au hata ampige. Yuliana hakufanya lolote kati ya hayo. Alasiri alikuja na ule mfuko wa unga.

"Mpelekee Bibi," alisema. "Mwambie nilitaka kuuleta mwenyewe."

Pelagia aliupokea. Haukuwa mfuko mkubwa, lakini aliubeba kwa mikono miwili hadi ndani.

Jumamosi asubuhi mwalo, pale boti zinaposhushia samaki, ulijaa watu. Wanawake walikuwa wakinunua dagaa, vijana wakipakia mizigo, na Dotto alikuwa amekuja na mama yake kuchukua samaki. Pelagia aliketi botini akiwa amevaa jaketi la uokoaji, na mfuko wa unga ulikuwa mapajani mwake. Yuliana alisimama nchi kavu kando ya Gody, begi lake mgongoni, akiwapungia mkono. Mzee Baltazar alishika kamba ili aifungue.

"Baba, subiri!" Pelagia alisema.

"Umesahau nini?"

Alimwona Dotto, akawaona na wale watoto wa jirani. Akasimama, maana alikuwa ameusema uongo mbele ya watu, na hakuona njia ya kuufuta kwa kunong'ona.

"Si Yuliana aliyetapika. Ni mimi. Nilimtapikia gauni lake, kisha nikasema ni yeye."

Matrida aliyekuwa akifunga kapu aliliacha. "Unasema nini, Pelagia?"

"Nilimsingizia, mama. Alisafisha kiti kwa ajili yangu. Yeye tumbo lake halikumsumbua hata kidogo."

"Kumbe mtoto wa ziwa ndiye kachafua meli!" Dotto alipiga kelele, akashika mbavu kwa kucheka. Watu kadhaa walicheka pamoja naye. Kisha mwanamke mmoja akauliza bei ya dagaa, mwingine akalalamika kwamba kipimo ni kidogo, na mama yake Dotto akamwita mwanawe abebe ndoo. Kicheko ambacho Pelagia alikiogopa kiasi cha kumuuza binamu yake kilikuwa kimekwisha hata kabla baba yake hajaikunja kamba.

Matrida hakucheka. Alikwenda mpaka ukingoni mwa maji.

"Juzi nilikusifu, nawe ukakaa kimya ukala samaki wangu. Hilo gauni utalifua wewe mpaka doa litoke, na lisipotoka, atachukua lako la sikukuu. Na mkirudi, kabla malori hayajaondoka, utakwenda kwa yule msimamizi ukamwambie nani alistahili kushika tambara. Yuliana, mwanangu, nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Ingia botini."

Yuliana alimtazama Gody kana kwamba haamini. Gody alimvua begi. "Nenda bwana, stendi haihami."

Pelagia alimfungia Yuliana jaketi lake. "Naomba unisamehe," alisema.

"Nilikasirika sana," Yuliana alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo. "Jana kutwa nilitaka kukumwagia ndoo ya dagaa."

"Ungenimwagia tu."

"Bado nafikiria," Yuliana alisema, na midomo yake ikakaribia kutabasamu.

Boti iliondoka. Mzee Baltazar, kama kawaida yake, alinyamaza kimya, macho yake yakielekea kilima kirefu cha ng'ambo, kipande cha tangawizi kikiwa shavuni. Tangu alipokuwa mdogo, Pelagia aliamini kwamba wakati huo baba yake husali. Walipoiacha ghuba, upepo ulianza kuvuma na boti ikaanza kuinuka na kushuka. Pelagia aliinamisha kichwa, akayatazama magoti yake, na palepale mate mengi yakamjaa kinywani. Safari hii hakufumba mdomo.

"Baba, kichefuchefu kimenianza."

"Umefanya vizuri kusema mapema. Njooni mkae hapa katikati, nyote wawili. Usiangalie ndani ya boti. Tazama kile kilima, usikiache. Vuta pumzi kwa pua, polepole, uitoe kwa mdomo." Alikata kipande cha tangawizi, akampa. "Tafuna hicho. Na siku nyingine usijaze tumbo pilipili na soda kabla ya kupanda kitu kinachoyumba. Kula kidogo, mapema."

Pelagia alikikazia macho kilima. Baada ya muda tumbo lilianza kutulia, ingawa mawimbi hayakutulia.

"Baba, umejuaje haya yote?"

Mzee Baltazar alitabasamu. "Unafikiri nikiondoka huwa nanyamaza kwa nini? Nikikaaga nchi kavu wiki nzima, siku ya kwanza ziwani tumbo linanigeuka. Wavuvi wote wa mwaloni wanajua."

"Hawakucheki?"

"Wakicheka, wanacheka kidogo, halafu tunavuta nyavu." Alipunguza kasi ya injini ili wamsikie vizuri. "Sikiliza, Pelagia. Yuliana naye asikilize. Kutapika si kosa, na kuogopa si kosa. Macho yanaona kitu kimoja, masikio yanahisi kingine, na tumbo linavurugika katikati. Hilo linaweza kumpata yeyote, awe wa ziwani au wa Butiama. Mwenye akili hulisema mapema, husaidiwa, na mambo huisha. Lakini ulipoinua kidole ukamwonyesha mwenzako, hakuna tumbo lililokulazimisha. Hilo ulilitenda mwenyewe, na uliendelea kulitenda kila saa uliyokaa kimya. Aibu uliyoikimbia ilikuwa ndogo. Uliyomtwisha mwenzako ilikuwa kubwa, tena haikuwa yake."

"Ndiyo, baba," Pelagia alijibu. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

Mbele yao mawe makubwa ya rasi yalianza kuonekana, na juu ya mawe hayo alisimama bibi mmoja mwembamba, mkono wake ukiwa juu ya macho, akijaribu kuwatambua waliomo botini. Boti ilipogusa mchanga, Pelagia aliuchukua mfuko wa unga kutoka mapajani mwake, akauweka mikononi mwa Yuliana.

"Shuka wewe kwanza," alimwambia. "Mpe Bibi mwenyewe."