Hema Lisilo na Vyumba

Kila siku akitoka shuleni, Mwalimu Kashindye alipita soko la Mlango Mmoja kuwatafutia wadogo zake nguo. Huinama juu ya rundo la mitumba, huchambua taratibu, hulipa na kuondoka bila kubishana na mtu. Alasiri hiyo alikuwa ameshika sweta ya mtoto pale kitambaa kizito cheupe kilipomwangukia kichwani na kumfunika hadi viatuni.

"Dada, toka humo! Bado sijaliuza!" sauti ya kiume ilipiga kelele.

"Nitatokaje na sioni?"

Watu wakacheka. Alipofunuliwa, mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, nguzo ya chuma begani.

"Samahani sana. Hema hili limefika leo kwenye robota, nilikuwa najaribu kulisimamisha. Naitwa Shimba."

"Nilidhani unavua sangara."

Kashindye alijishangaa. Hakuwa mtu wa kutania watu asiowajua. Akashusha macho, akanyoosha gauni lake la maua, lakini hakuondoka. Shimba alisimamisha tena nguzo, akavuta kamba, na hema likainuka juu ya vibanda vyote, pana chini, limechongoka juu kama pia iliyopinduliwa. Kashindye akaingia. Ndani mlinukia majani makavu ya nchi ya mbali.

"Ninayo ya pembe nne pia," Shimba alisema kutoka mlangoni. "Yale yana vyumba. Wazazi huku, watoto kule. Hili linaingiza familia nzima, ila halina vyumba."

"Ndiyo maana nalitaka."

Akamweleza, macho yakiwa kwenye nguzo. Kila mwaka familia za kanisa lao zilihamia ufukweni Igombe kwa wiki nzima ya makambi, kusali, kuimba na kupika pamoja. Baba yake alikuwa amefariki. Baba yake mdogo, Luhaga, alishatangaza kwamba mwaka huu mama atalala kwa shangazi, na watoto watagawanywa kwenye mahema ya ndugu.

"Akishawagawa kwa wiki, atawagawa kwa mwaka," Kashindye alisema. "Nataka walale wote pamoja na mama, na kila mtu aone."

Shimba hakutania tena. "Basi nitakuja Igombe kulisimamisha mwenyewe."

Baba mdogo Luhaga alipoliona limetandazwa uani, alilizunguka mikono ikiwa mgongoni.

"Hema gani hili kama kichuguu? Watatucheka. Rudisha. Ukitaka sana, chukua la pembe nne kama watu wote."

"Nimeshachagua, baba mdogo."

"Na nani atalisimamisha? Wewe na chaki zako?"

"Litasimama."

Alisema kwa sauti ndogo. Lakini hakulirudisha.

Tangu hapo simu ya ofisi ya shule ikawa na kazi mpya. Mwalimu mkuu alimpa mkonga wa simu huku akikohoa.

"Mwalimu wangu, hema halijambo?" Shimba aliuliza.

"Halijambo. Limekunjwa, limelala."

"Na mwenye hema?"

"Mwenye hema ana madaftari ya kusahihisha."

"Nisahihishe na mimi basi."

"Wewe una makosa mengi, Shimba. Utamaliza wino wangu."

Alikata simu akiutabasamia ukuta. Jumapili walitembea ufukweni Kirumba wakila mahindi ya kuchoma. Shimba alizungumza mambo yote duniani isipokuwa lile ambalo Kashindye alilisubiri.

Siku ya kwanza ya makambi Shimba alifika Igombe asubuhi, amevaa suruali ya jinzi iliyopigwa pasi. Mama yake Kashindye alipokuja kumsalimu, Shimba aligeuka upande, akainamisha kichwa na kusema "Shikamoo mama" kama anayezungumza na mchanga. Kisha akagongomea vigingi, akainua nguzo, na hema likasimama refu kuliko yote ufukweni. Watoto wakaingia wakipiga vigelegele.

Mchana mvua ilikuja kutoka ziwani ghafla. Watu wakakimbilia ndani.

"Shimba, ingia!" Kashindye aliita.

"Hapa panatosha."

"Unalowa!"

"Ingia, baba," mama naye alisema.

Shimba alirudi nyuma hatua nzima, akabaki mvuani, shati limegandamana mwilini, maji yakimtiririka puani.

Kutoka hema la jirani baba mdogo Luhaga akacheka. "Mnaona? Hata aliyewauzia anaona aibu kuingia humo!"

Kicheko kilienda hema hadi hema. Kashindye akahisi uso wake unawaka. Kumbe huruma ilikuwa ya sokoni tu. Mbele ya watu, kijana huyu aliona heri kulowa kuliko kukaa na mjane na yatima wake.

Kila jioni Shimba alikuja kukaza kamba. Kashindye hakumsalimu. Shimba alipomletea samaki wa kukaanga, alimrudishia sahani ikiwa imejaa.

"Kashi, nimekosa nini?"

"Kaza kamba zako, uende."

Siku ya mwisho, watu wakitoka ibadani, alimkuta anainama kwenye kigingi. Hakuweza kuvumilia tena.

"Simama, Shimba. Uniambie mbele ya watu wote hawa. Kuna nini humo ndani kinachokutia kinyaa?"

Wapita njia wakasimama. Baba mdogo Luhaga akasogea.

"Kinyaa?" Shimba aliduwaa. "Kashi, mama yako yumo."

"Mama amekukosea nini?"

Ndani ya hema mama akaanza kucheka, kicheko ambacho wanawe hawakukisikia tangu msiba.

Shimba alifuta mikono kwenye suruali. "Kwetu Kwimba, mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake. Hata mvua inyeshe mawe. Tangu siku ile sokoni nimemhesabu hivyo. Nilitaka nimheshimu kwanza, maneno yafuate. Yamechelewa, nisamehe."



"Mama mkwe?" baba mdogo Luhaga alifoka. "Mama mkwe kwa ruhusa ya nani? Muuza mitumba, na binti aliyemaliza chuo? Nani amekupa mke hapa?"

Shimba alifungua mdomo. Kashindye akamshika mkono, mbele ya kanisa zima, na kusimama kati yake na baba mdogo. Safari hii sauti yake haikuwa ndogo.

"Mimi, baba mdogo. Nampenda, na nimempa mimi. Posa ataileta kwa mama."