Mikono ya Kahawia

Kidoti alikata uzi, akalikunjua shati la tano la kwaya ya shule. Mikono ilikuwa imekaa sawasawa. Taa mpya iliwaka kweupe, karakana nzima ya shangazi yake, fundi cherehani, iking'aa. Akayapeleka yote matano mlangoni kuyatundika.

Penye jua, aligutuka. Mashati yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee; mikono yote ilikuwa ya kahawia!

"Makubwa! Shati la huyu, mikono ya yule!" alicheka rafiki yake, aliyekuwa akipita.

Kwaya ingeimba keshokutwa. Shangazi alikuwa amemwagiza kila kitambaa kiangaliwe mlangoni kabla ya kukatwa. Kidoti angeweza kusema muuzaji ndiye aliyechanganya majora. Lakini aliingia ndani.

"Shangazi, sikwenda mlangoni. Niliiamini taa, nikakata jora silo."

Shangazi hakufoka. Aliitazama mikono chini ya taa, akashangaa. "Mbona hapa rangi zinafanana?" Akamwita jirani yao, fundi umeme.

Fundi alikuja na sidii kuukuu ya muziki. "Ishike chini ya taa, uigeuzegeuze. Unaona rangi gani?"

"Bluu imekolea! Kijani ipo. Nyekundu... imefifia, mjomba!"

"Sasa ishike kwenye mwanga wa mlangoni, usiielekeze kwenye jua lenyewe."

"Nyekundu hiyooo!"

"Basi. Kitambaa hurudisha rangi kinazopewa na mwanga. Taa isipotoa nyekundu ya kutosha, damu ya mzee itautoa wapi wekundu wake?"

"Tuzipime taa zote!" Kidoti aliruka.

Walichukua vipande vinane vya vitambaa vya rangi mbalimbali, wakavitazama mlangoni, kisha chini ya taa tatu za fundi, moja baada ya nyingine. Taa ambayo boksi lake liliandikwa 70 iliharibu rangi nne; ile ya 80, mbili. Ile ya 95 haikuharibu hata moja.

"Hizo ndizo maksi za taa," fundi alisema. "Mia ni sawa na mchana. Viwandani nako hutumia sampuli za rangi, ila wao wana mashine."

"Yetu ina ngapi?" Kidoti aliliokota boksi la taa yao. "Sabini!"

Shangazi akacheka. "Mnunuzi ni mimi. Niliona kali, nikadhani nzuri. Ungeficha, mwanangu, tungeharibu mashati yote kumi na mawili. Pima kabla ya kuamini, na ukikosea, sema mapema."

Wakaanza kufumua. Jua lilipozama, mashati mawili yalikuwa bado na mikono ya kahawia. Kidoti alitaka kuendelea, lakini shangazi aliufunika mkasi.

"Macho yamechoka. Tutamalizia kesho asubuhi."