Kioo Kisichofutwa

Alikigonga kioo kwa paji la uso, asubuhi, katikati ya mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, watu wote wakimtazama. Haki ya Mungu hakukiona. Alikuwa anaharakisha, ndoo mkono mmoja na simu mkono wa pili, buti za mpira za kijani zikitokeza chini ya gauni la njano la maua, na mafundi wawili walikuwa wanavusha kioo kizima cha dirisha la duka kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili. Mlio ulisikika hadi kwa wauza mabomba. Ndoo ikapinduka, maji ya chumvi yakamwagika, na matawi ya kahawia yenye utelezi yakatapakaa kwenye viatu vya wapita njia.

Fundi wa mbele alisema pole, akasema tena pole, halafu akashindwa kujizuia.

"Lakini dada, si umeona kilivyo safi?"

"Sikukiona," alijibu, kajishika paji. "Ndiyo maana nimekigonga."

"Basi hujui umenisifu kiasi gani."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Fundi naye, baada ya kukiegemeza kioo ukutani, alirudi kumwokotea vitu vyake. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli lake la bluu limepigwa pasi kama shati la arusi, na begani ana kitambaa cheupe cha pamba ambacho mama yake alimshonea mahsusi kwa kufutia vioo. Aliiokota simu ya yule dada. Kabla ya kumrudishia aliifuta, kona hadi kona, bila hata kuitazama. Mkono ulijifanyia wenyewe.

Yale matawi aliyashika kwa ncha za vidole, akauliza kama ni mboga.

"Ni mwani. Na usiukanyage, una mimba."

Alidhani anataniwa. Yule dada akachuchumaa palepale barabarani, akamwonyesha ncha za matawi zilivyovimba. Kila uvimbe, alisema, una vifuko ndani yake. Humo hutoka mayai na mbegu za kiume, vinakutana majini vyenyewe, na yai lililobahatika linazama, linashika mwamba, linaanza maisha. Alieleza haya kwa uso uliong'aa, uvimbe wa kioo ukizidi kukua kwenye paji lake, na fundi akasahau kabisa kwamba ana mteja anamngoja.

Ikawa bahati juu ya bahati. Yule dada alikuwa mtafiti kwenye maabara ya bahari iliyo nyuma ya bandari, na mtaa ule alikuwa kaufuata ili apate mtu wa kumkatia vipande vidogo vya kioo, vya kulaza chini ya matangi, mayai ya mwani yapate pa kushika. Fundi alivikata siku hiyohiyo, dukani kwake. Yule dada alisimama kando ya meza akitazama: mstari mmoja wa kalamu ya almasi, pumzi imezuiwa, kugonga kidogo upande wa chini, na kioo kinaachana kwa utii. Alikuwa hajawahi kuona mikono yenye adabu namna ile, na alimwambia hivyo waziwazi. Mama yake fundi, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango akifunga fremu za picha, alitazama juu ya miwani yake, akatabasamu peke yake.

Simu zikaanza. Fundi alimwita Daktari wa Majani. Yule dada alimwita Bwana Safi.

"Watoto wameamkaje leo?"

"Bado hawajazaliwa, Bwana Safi. Msimu wao ni wa baridi."

"Na mama yao?"

"Mama yao ana njaa, na kuna mtu aliahidi kumletea chakula."

Alimletea, mara nyingi. Walikula kwenye benchi nje ya maabara, na siku ambazo Profesa, bosi wa yule dada, alikuwa mkutanoni, fundi aliingizwa ndani kinyume cha kanuni. Matangi yalikuwa manne. La kwanza lilikuwa na maji ya bahari kama ilivyo leo. La pili lilipashwa moto kidogo. La tatu lilipulizwa gesi ya ukaa, kwa sababu bahari, yule dada alieleza, inaunywa moshi wetu wote na maji yake yanaelekea kwenye uchachu. La nne lilikuwa na vyote viwili, joto na uchachu. Hilo aliliita bahari ya wajukuu. Alitaka kujua kama mwani utaweza kuzaa humo, na si mara moja tu, bali msimu wa baridi, wa mvua, wa joto, kila mmoja kwa zamu yake. Kiumbe kinaweza kustahimili joto la ziada wakati wa baridi, kisha likakimaliza wakati wa jua kali. Na mwani ukikoma kuzaa, samaki wadogo watajificha wapi?

"Kwa hiyo unapima bahari ambayo haijafika," fundi alisema.

"Ndiyo."

Fundi alimtazama. Yeye maisha yake yote alikuwa anauza kitu ambacho watu wanakitazama wakaona cha nyuma yake tu. Huyu alikuwa anatazama mbali kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Siku hiyo alijua kwamba anampenda, akamwambia, na yule dada akajibu kwamba amechelewa kidogo kwa sababu yeye alianza kumpenda tangu kwenye kile kicheko cha barabarani.

Msimu wa baridi ukafika. Mwani ukazaa kwa wingi, mayai yakazama, yakashika vioo. Yule dada alikuwa ametoa trei ya tangi la nne, ameipanga mezani tayari kuipeleka kwenye hadubini, ndipo Profesa akamwita ukumbini kwa jambo la haraka. Fundi aliingia kumletea mwavuli wake aliousahau. Akaviona vioo vyake, vile alivyovikata kwa mikono yake, vimetanda ukungu wa kahawia, kama dirisha la jikoni lisilo na mwenyewe. Alikuwa amesikia sana habari za watoto. Ila akilini mwake watoto wa mwani ni vijani vidogo, vya kuonekana, vya kijani pengine. Mkono ukapanda begani wenyewe.

Yule dada aliporudi, safu nzima ilikuwa inametameta, na mpenzi wake anapiga mluzi.

"Nimekusaidia, mpenzi. Vilikuwa vichafu vibaya sana."

Alikiinua kimoja, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na kitu.

"Hao ndio walikuwa watoto," alisema.

Fundi alitazama kitambaa mkononi mwake. Yule dada hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga.

"Nenda tu. Na usinipigie. Nikikuona nitakuwa naviona vioo hivi."

Hapa mimi nawalaumu wote wawili. Yeye alisema kwa uchungu wa saa ile, na kabla ya wiki kuisha alikuwa analala na simu chini ya mto. Fundi, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kushika neno. Akiambiwa dirisha liwe futi tatu, ni futi tatu. Aliambiwa asipige, hakupiga. Na hivyo mmoja akaamini ameachwa, na mwingine akaamini amefukuzwa, na wote wakawa wanakula bila hamu kila mtu kwake.

Kwa Profesa, yule dada alisema ameviharibu vioo mwenyewe kwa bahati mbaya. Profesa alimsikiliza hadi mwisho. Bila msimu wa baridi wa tangi la nne utafiti ulikuwa na shimo katikati, kwa hiyo alimpa nafasi ya kurudia mwaka unaofuata. Ila nafasi hiyo ilikuwa ya mwisho. Wengine walikuwa wanayangoja matangi yale, na mwani ukishapitisha msimu wake hauombwi kuzaa upya.

Mvua zikaja zikapita. Joto likaja, na katika tangi la nne ncha za mwani zikawa zinanyauka kabla hazijavimba sawasawa. Aliyaona hayo, akaandika anachopaswa kuandika, na mtu pekee aliyetamani kumsimulia hakuwapo. Mchana mmoja miguu ilimpeleka mtaa ule wa vifaa. Fundi alikuwa amesimama mbele ya duka akifuta dirisha, kampa barabara kisogo. Yule dada alisimama ng'ambo akingoja ageuke. Fundi alikuwa anamwona vizuri sana ndani ya kioo, gauni la njano na yote. Alingoja avuke barabara. Hakuna aliyegeuka wala aliyevuka. Yule dada akaondoka akiwa na hakika kwamba amepewa kisogo kwa makusudi.

Mama mtu aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake. Alivumilia hadi chakula cha jioni.

"Umemfutia mtoto wa watu msimu mzima, halafu umekaa."

"Alinikataza kumpigia, mama."

"Simu. Miguu hakukukataza."

Kesho yake fundi alinunua msasa. Alikuwa amekumbuka jambo moja: yule dada aliwahi kulalamika kwamba kwenye kioo laini mayai mengi yanateleza na kuzolewa na maji kabla hayajashika. Alikata vipande vipya, akaanza kuvisugua kimoja kimoja kwa mkono, hadi uso wake ukawa na ukungu kama kioo cha bafuni. Mtu aliyekuwa akikosa raha kwa alama ya kidole alikaa siku nzima akiharibu mng'aro kwa makusudi. Mama yake alimgusa paji kuona kama ana homa.

Msimu wa baridi ulipokaribia tena, alivipeleka mwenyewe maabara. Yule dada alikuwa ameteremka ufukweni kuchuma mwani wa msimu, na mlangoni fundi alikutana na Profesa, mwanamke mfupi wa nywele nyeupe na koti jeupe lenye madoa ya chumvi. Fundi alivua kofia, akakiri yote, akasema kama kuna wa kumwaga unga kwa ajili ya vioo vile basi si yule dada.

"Yeye aliniambia alivifuta mwenyewe," Profesa alisema.

Fundi aliikunja kofia mikononi.

"Na mimi nilijua si yeye. Vilifutwa kona hadi kona, bila mchirizi hata mmoja. Hapa kwangu hakuna anayeweza kufuta kioo namna ile." Alikipokea kifurushi, akapitisha kidole kwenye kipande kimoja, akakiona kinakwaruza. Akaguna kwa kuridhika. "Hivi ni kazi nzuri kijana. Lakini si mimi unayepaswa kuniambia."

Simu ya fundi iliita alipokuwa bado hajafika hata lango la bandari.

"Profesa kanipigia," sauti ilisema. Nyuma yake kulikuwa na upepo na maji. "Kwa nini hukunipigia mwaka mzima?"

"Uliniambia nisikupigie."

"Na wewe ukanisikiliza."

"Mimi huwa nakusikiliza sana, mpenzi. Na uongo ule kwa Profesa, kwa nini?"



"Angekukataza kukanyaga pale tena. Na mimi nilikuwa nataka uje."

Fundi alisimama katikati ya njia ya malori, akapigiwa honi, na hakusogea.

Baridi ikafika, na mwani ukazaa. Mayai yalizama kwenye vioo vya msasa na kushika vizuri, na yule dada hakulala usingizi wa maana hadi siku ya kuvitoa. Siku hiyo alimwita fundi aje, safari hii kwa ruhusa. Fundi alifika na ovaroli lake la pasi, begani hamna kitu. Kitambaa alikuwa amekitundika nje, kwenye kitasa cha mlango.

Matangi yalikuwa yananguruma taratibu. Yule dada alivaa lile gauni la njano chini ya koti la maabara. Alitumbukiza mikono kwenye bahari ya wajukuu, akainua trei yenye ukungu wa kahawia juu yake, na badala ya kuipeleka mwenyewe, akamgeukia.

"Ishike wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mpaka kwenye hadubini."

Aliibeba kwa mikono miwili, bila kupumua, kama anavyobeba kioo cha kwanza cha nyumba mpya. Hakumwaga tone. Yule dada alikiweka kipande kimoja chini ya lenzi, akazungusha kidude cha pembeni, akampisha kiti.

Ule uchafu aliouona mwaka jana ulikuwa watu kabisa. Vidonge vidogo vya dhahabu, kila kimoja kimetoa kamguu kamoja chembamba kushikilia kioo. Vingine vilikuwa vimepasuka, vimeshindwa. Lakini vingi vilikuwa vimeshika, kwenye maji yale ya moto na machachu, vimeshika kweli. Yule dada alimweleza kwa sauti ya chini kwamba hizi ni habari njema za msimu wa baridi tu, kwamba wakati wa joto mambo ni mengine kabisa, na kwamba sasa, kwa kuwa ameona misimu yote, anaweza kuwaambia watu ni lini hasa mwani unahitaji kusaidiwa.

Fundi hakuondoa jicho kwenye lenzi. Macho yalikuwa yamemlowa na aliona haya.

"Nataka kukuoa," aliiambia hadubini.

Yule dada alicheka, kicheko kilekile cha barabarani, akamwekea mkono kwenye bega lile lisilo na kitambaa.

"Kwanza warudishe watoto majini, wasikauke. Halafu uniulize tena ukiwa unanitazama."

Aliwarudisha, polepole, akaona trei imetulia vizuri chini ya tangi. Akageuka, mikono ikichuruzika maji ya chumvi, akamtazama, akauliza.