Konokono na Raketi Mbili

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Konokono alisimama mlangoni akiwa na raketi yake kuukuu ya ubao na mpira wa plastiki wenye matundu. Ng'ambo ya kamba ya nguo bibi yake alikuwa akianika, na miguuni pake kulikuwa na beseni tupu. Ua wao ulikuwa mwembamba: ukipiga mpira kwa nguvu, unamvunjia jirani dirisha. Basi msichana huyu alijifunza kupiga kwa upole. Mpira ulipaa kidogo, ukavuka kamba, ukatua ndani ya beseni. Ta!

"Mke mwenzangu," Bibi alimtania, "ukiniangushia shuka, utalifua mwenyewe."

"Mimi sikosei, Bibi."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wewe hata hujasifiwa, unajisifu mwenyewe!"

Shuleni walicheza pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi ya mezani, ila meza imeondolewa na wachezaji wanakimbia uwanjani wawiliwawili. Mwenzake Konokono alikuwa mvulana mmoja mwenye mabega mapana, jina la utani Radi. Radi alipopiga, hata ndege waliondoka kwenye uzio. Konokono alipopiga, mpira ulitambaa juu ya wavu na kufia upande wa pili, na hapo ndipo alipopatia jina lake. Pamoja walikuwa hatari. Lakini watazamaji walimshangilia Radi tu, na jambo hilo lilimkwaruza Konokono moyoni.

Jumatatu moja mwalimu wa michezo alileta boksi la raketi mpya.

"Sikilizeni, sirudii," alisema. "Hizi nene zinameza kishindo. Mpira unatoka taratibu na kwenda pale unapoutuma. Hizi nyembamba hazimezi kitu. Ukizipa nguvu, zinakurudishia na chenji juu. Kila mtu aniambie anavyocheza, nimpe inayomfaa. Ukishazungusha utepe wako kwenye mpini, ni yako mpaka muhula uishe."

Zamu ya Konokono ilipofika, mwalimu alimwuliza, "Wewe unachezaje?"

Konokono alisimama wima. "Napiga kwa nguvu, mwalimu."

"Konokono kaota mbawa!" sauti ilisikika nyuma, na foleni nzima ikacheka.

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akapewa nyembamba. Akazungusha utepe wake wa njano harakaharaka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajaingia.

Radi alifika amechelewa, mkate mdomoni. Hakusikia maelezo na hakuuliza. Alichukua moja kwa moja raketi nene. "Hii ndiyo ya wenye nguvu," alisema. "Nani amewahi kuchapwa na kijiti chembamba akalia?"

Mwalimu alitabasamu. "Haya. Uwanja utawaeleza."

Na kweli uwanja uliwaeleza, tena bila huruma. Siku iliyofuata walicheza na mapacha wa darasa la juu. Kila mpira ambao Konokono aliugusa uliruka uzio na kuangukia gereji ya jirani.

"Enyi watoto!" fundi magari alipaza sauti. "Huku natengeneza magari au nafuga mipira?"

Radi naye alipiga mpaka jasho likamtiririka, lakini mipira ilitoka imepoa kama chai ya jana. Mapacha wakashinda huku wakipiga soga.

"Ijumaa mtarudiana," mwalimu alisema. "Washindi ndio watakaocheza na shule jirani. Sitaangalia sura ya mtu."

Konokono na Radi walitazamana kwa hasira.

"Umepatwa na nini wewe?" Radi aliuliza.

"Na wewe je? Radi gani haingurumi?"

Wakaachana bila kuagana.

Nyumbani, Konokono alijaribu beseni. Mpira wa kwanza uligonga ukuta. Wa pili ulilivaa shuka la Bibi, likaanguka kwenye tope. Bibi aliliokota, akaliangalia, kisha akaitazama ile raketi.

"Hii nani kaichagua?"

"Mimi."

"Ulimchagulia nani?"

Machozi yakamlenga Konokono. "Nilitaka kupiga kama Radi, Bibi. Mimi wananiita Konokono."

"Hee! Na huyo konokono umewahi kumwona ameanguka ukutani? Wenye mbio wanateleza, yeye anafika." Bibi akamkabidhi sabuni. "Haya mke mwenzangu, shuka ni lako."

Asubuhi Konokono alimfuata mwalimu uwanjani. Radi alikuwa hapo akifunga wavu.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sipigi kwa nguvu. Raketi niliyohitaji ni nene."

"Nene zimekwisha," mwalimu alijibu. "Labda umpate wa kubadilishana naye."

Radi aliacha kamba za wavu. "Subiri kwanza. Kwani nyembamba ndiyo yenye nguvu?"

"Alieleza Jumatatu," Konokono alisema. "Wewe ulikuwa unatafuna."

"Kumbe tangu Jumatatu nimekuwa nikipiga kwa mto wa kulalia!" Radi alijikuna kichwa. "Niliona kuna kasoro, nikaona haya kuuliza."

Wakakaa chini palepale. Utepe wa njano ukahamia kwenye raketi nene, na ule mwekundu wa Radi kwenye nyembamba.

Ijumaa mapacha walikuja wakicheka, lakini kicheko hakikukaa. Radi alinguruma kweli. Hata hivyo mapacha hawakukata tamaa, na mwishoni pande zote mbili zikawa zimelingana alama. Kwa kumwogopa Radi, mapacha walirudi nyuma kabisa ya uwanja. Mpira ukamjia Konokono. Akauona wavu kama kamba ya nguo, na nyuma yake akaliona beseni. Akaugusa kidogo. Mpira ukapaa, ukavuka, ukatua. Ta! Mapacha walikimbia, wakafika umeshadunda mara ya pili.

Lakini ili kushinda ilibidi kuwazidi wapinzani kwa alama mbili, kwa hiyo wakaendelea. Safari hii mapacha walisogea karibu na wavu, na Radi akawapitishia kombora katikati. Mchezo ukaisha.

"Leo sijaokota hata mmoja!" fundi magari alishangilia juu ya uzio. "Ko-no-ko-no!" Uwanja mzima ukaitikia.

Mwalimu aliwaita pembeni. "Radi, anayeuliza anaaibika dakika moja, asiyeuliza anaaibika wiki nzima. Na wewe, binti, hakuna kifaa kinachomfaa mtu anayejifanya mwingine. Ulipokiri ukweli kuhusu mkono wako, ndipo mkono ukakutumikia. Nendeni mkafanye mazoezi, shule jirani hawalali."

Jioni hiyo Konokono alichora konokono mdogo kwenye utepe wa njano. Kisha akaweka beseni mahali pake, akamwomba Bibi asogeze shuka kidogo, kwa usalama.